Barua ya Wazi kwa Wachungaji wa Kigali: Tufundisheni Kufunga Hesabu

Wapendwa wachungaji, mapadre, wainjilisti na wazee wa kanisa mnaohudumu katika jiji hili,



Mimi ni mweka hazina wa usharika mmoja wa Nyamirambo. Kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikihesabu sadaka, na kila Jumapili jioni, kabla sijala, nafunga hesabu za siku: kilichoingia, kilichotoka, salio. Mzee aliyenikabidhi daftari alinionya nisilale kamwe nikiwa na hesabu iliyo wazi, kwa sababu mtunza fedha za watu hajui kama ataamka. Wakati ule niliyachukua kama maneno ya wazee tu. Leo nawaandikia kwa sababu ya maneno hayo, na kwa sababu ya dada mmoja wa kwaya yetu tuliyemzika Rusororo mwaka jana.

Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa ameimba sauti ya kwanza kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna harusi wala msiba wa usharika wetu ambao hakuuimbia. Alipolazwa mara ya mwisho, mhubiri mmoja ambaye simtaji alikuja wodini akamkataza kuandika wosia, akisema kuandika wosia ni kukiri mauti. Tangu siku hiyo, kila alipofungua kinywa kusema juu ya kufa, sisi tuliozunguka kitanda tulimkatiza: "Usiseme hivyo, mama! Ikatae kwa jina la Yesu!" Nami nilikuwa mmoja wa waliomkatiza. Alikuwa na binti ambaye hawakuwa wakisemezana kwa miaka minne. Alitaka aitwe. Tukamwambia wataonana akishapona, maana kumwita binti kutoka mbali kungeonekana kama tumekata tamaa.

Usiku mmoja ilikuwa zamu yangu ya kulala naye. Kama saa nane hivi alinishika mkono, akauliza kwa sauti ya mtoto, "Hivi mtu akifika kule, anapokelewaje?"

Miaka zaidi ya ishirini alikuwa ameimba habari za mji ule wa milango ya lulu. Mimi nimesikiliza mahubiri maisha yangu yote. Nikatafuta neno, nikakosa. Nilimfunika vizuri, nikamwambia alale. Alifariki siku tatu baadaye. Binti alifika wakati wa ikiriyo, yaani mkesha wa matanga, ulipokwisha kuanza, na hadi leo namwona alivyosimama mlangoni bila kujua aingie au arudi.

Sitaki kumlaumu yule mhubiri peke yake. Tulikuwa watu saba kando ya kitanda, na wote saba tulikuwa tumefundishwa kanisani. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu nyote.

Nina madaftari ya mahubiri tangu 2014. Ukurasa wa kwanza wa kila daftari nimeandika jina la mwaka kama lilivyotangazwa kwenye mkesha: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa milango iliyofunguka, mwaka wa mavuno. Mwaka 2020 tuliambiwa ni wa kuvuka mipaka. Tarehe 14 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini na ibada zikasimamishwa. Wiki moja baadaye mipaka ilifungwa, nasi tukafungiwa majumbani. Sisemi haya kumdhihaki mtu. Majina hayo niliyaandika kwa mkono wangu, na amina niliitikia kwa sauti kubwa. Lakini baada ya kumzika yule dada niliyapitia madaftari yote nikitafuta hubiri lolote juu ya namna ya kuugua, namna ya kufiwa, namna ya kufa. Nikapata mawili katika miaka zaidi ya kumi, na yote mawili yalihubiriwa makaburini, jeneza likiwa mbele yetu, wakati masikio yamekwisha kuziba kwa machozi.

Najua sababu zenu. Mtu anaingia kanisani Jumapili akiwa anadaiwa kodi ya miezi miwili, mtoto amefukuzwa shule, na amepanda pikipiki kwa fedha ya mwisho aliyokuwa nayo. Ni vigumu kumwambia mtu huyo kwamba majaribu mengine yanakuja. Na uponyaji mimi nauamini. Nimeona watu waliokuwa wameachwa na madaktari wakirudi kwenye kiti chao kanisani. Mungu anaponya. Lakini hata Lazaro aliyefufuliwa Bethania alikufa tena siku nyingine, na nadhani dada zake walimlilia tena.

Najua pia sababu ambayo baadhi yenu mmeniambia faraghani. Mnasema nchi hii imeona kifo cha kutosha, kwamba kila Aprili tukianza kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, watu huanguka na kupiga mayowe kwa majeraha ambayo hayajafunga, kwa hiyo madhabahu yawape furaha angalau saa mbili kwa juma. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na haki yangu ya kuijibu ni ndogo. Mwaka 1994 nilikuwa msichana katika Karagwe, Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa zamani, na tulirudi mambo yakiwa yamekwisha. Waliokuwa hapa wanajua wanachokijua. Ila nimekesha katika ikiriyo nyingi za manusura, na sijamsikia hata mmoja akiomba asiambiwe habari za kifo. Wanaomba wasiachwe nacho peke yao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mrokore, yaani mtu aliyeokoka katika uamsho, wa Gahini. Mnaijua Gahini, kule juu ya Ziwa Muhazi. Ndiko moto wa uamsho ulikowaka miaka ya 1930, kisha neno la Kiganda, Zukuka, amka, likavuka Uganda, Kenya na Tanganyika. Mmoja wa waliouwasha alikuwa Blasio Kigozi, kijana Mganda aliyekuwa akifundisha wainjilisti pale Gahini. Alifariki Kampala Januari 1936, hajafikisha hata miaka thelathini. Bibi alilichukua neno lile akavuka nalo Mto Kagera alipokimbia nchi, na katika Karagwe walikuwa wanakutana kila Alhamisi, watu kumi au kumi na wawili, chini ya mwembe. Walichofanya pale kilikuwa rahisi kusimulia na kigumu kutenda. Kila mmoja alisema wazi alichokosa juma lile. Aliyemdhulumu mwenzake alikwenda kwake kabla ya usiku. Nilimwona bibi yangu, mwanamke mzima, akitembea kutoka kijiji chetu hadi kijiji cha jirani kurudisha sindano aliyokuwa ameazima na kuisahau. Nilimuuliza kwa nini asingoje siku ya gulio. Akasema, "Na nikiitwa kabla ya gulio?" Aliyasema bila huzuni, kama mtu anayeulizwa kwa nini anaanua nguo wakati mawingu yamejikusanya.

Alikufa mwaka 1991 kitandani kwake. Mama husimulia kwamba wote walisogea wasikie neno lake la mwisho, naye hakuwa na neno lolote, maana aliyokuwa nayo alikwisha kuyasema yote. Aliomba maji, akanywa, akalala.

Nilipokabidhiwa uhazina, mzee yule yule aliyenionya alinisimulia habari za Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Kianglikana wa Nyamata, mtu wa uamsho uleule. Wengi wenu mnamjua kwa jina. Nawaomba mnivumilie nimsimulie tena, kwa sababu habari zake nazishika kwa namna ya kazi yangu. Nyamata ya wakati ule ilikuwa pori la Bugesera, lenye mbung'o, ambako familia za Watutsi zilizofukuzwa makwao zilipelekwa kuanzia mwaka 1959. Yona aliwahudumia hao, akaanzisha makanisa madogo vijijini. Mwishoni mwa 1963, baada ya shambulio lililotoka Burundi, visasi vikaanza, na watu wakawa wanachukuliwa usiku. Marafiki walimsihi akimbie. Akabaki na kondoo wake. Usiku mmoja wa Januari 1964 askari walimfuata nyumbani, wakamchukua yeye na wengine kwa gari. Kabla hawajamuua aliomba ruhusa ya kuandika katika daftari lake. Aliandika kwamba wanakwenda mbinguni. Na pamoja na hayo aliandika hesabu ya fedha za kanisa alizokuwa nazo, akaomba daftari na fedha vifikishwe kwa mkewe. Kisha alitembea kwenda alikouawa akiimba wimbo wa nchi ile njema. Aliyeyasimulia haya ni mwenzake aliyechukuliwa naye usiku ule na akaachwa hai.

Nilipoisikia mara ya kwanza sikuushangaa wimbo kama nilivyoishangaa hesabu. Mtu amebakiwa na dakika chache za kuishi, bunduki ziko mbele yake, naye anakumbuka fedha za kanisa! Siamini kwamba ujasiri ule alishukiwa nao ndani ya gari. Mtu ambaye kila jioni alikuwa anafunga hesabu yake na Mungu na jirani, usiku ule alifanya tu kazi yake ya kila jioni. Askari walimkuta mahali ambapo angekuwa hata kama wasingekuja.

Na Nyamata ileile, miaka thelathini baadaye, katika Aprili 1994, watu wapatao 10,000 waliuawa ndani na kandokando ya kanisa la Kikatoliki. Nguo zao ziliwekwa juu ya mabenchi. Kati ya waliowaua walikuwamo waliobatizwa, waliojua kuimba, waliopokea komunyo. Wanyarwanda karibu tisa kati ya kumi wakati ule walijiita Wakristo. Tulikuwa na makanisa yaliyojaa, shule za misheni, maandamano ya sherehe, na mwaka 1990 tulikuwa tumempokea Baba Mtakatifu. Ningependa kila mmoja wenu anayehesabu mafanikio kwa wingi wa viti asimame pale Nyamata walau mara moja kwa mwaka akijiuliza watu wale walikuwa wamefundishwa nini kila Jumapili. Sijui kama nina haki ya kuliandika hili. Nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena.

Kuna mlima mmoja unaonisumbua kuliko yote, mlima wa Nyange, upande wa magharibi. Aprili 1994 watu wasiopungua 1,500 walikimbilia kanisa la parokia pale, na kanisa likaangushwa juu yao kwa tingatinga. Padre aliyekuwa na dhamana ya parokia hiyo alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha. Mwaka 2008 rufaa ilimalizika kwa kifungo cha maisha. Huyu alikuwa amesoma seminari. Ameadhimisha misa mamia ya mara. Miaka mitatu baada ya mauaji hayo, tarehe 18 Machi 1997, usiku, wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange wanafunzi wakiwa kwenye masomo ya jioni. Waliwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Watoto wale, wengine hawajafika miaka ishirini, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono. Baadhi walikufa palepale wakiwa hawajatengana, na taifa limewaweka katika daraja la mashujaa wa Imena.

Mlima mmoja, watu walewale wa nchi moja, na kati ya usiku ule na siku zile ni miaka mitatu tu. Wanafunzi hawakupewa muda wa kushauriana. Hakuna aliyewaambia asubuhi ile kwamba jioni wataulizwa swali. Jibu walikuwa nalo tayari, wamekwisha kulikubali ndani yao siku nyingine ya kawaida, labda wakichota maji au wakigawana daftari. Nikisikia mkituambia kwamba Mungu atatupa neema saa ya jaribu, naitikia amina, maana ni kweli. Lakini naona pia kwamba neema hiyo hutukuta pale tulipokwisha kujiweka.

Wapo wanaosema kwamba mahubiri ya mbinguni huwafanya watu wakae tu wakingoja kufa, wakivumilia dhuluma. Nimelisikia kwa vijana wasomi wa usharika wetu, na wana sababu, kwa kuwa zamani maneno hayo yalitumika hivyo. Nawajibu kwa Félicité Niyitegeka. Alikuwa akihudumu katika kituo cha Saint Pierre, Gisenyi, na alikuwa Mhutu. Kaka yake, kanali wa jeshi, alimtumia ujumbe atoke awaache Watutsi aliokuwa amewaficha. Akamjibu kwa barua kwamba afadhali afe pamoja na wale 43 alio nao kuliko kujiokoa mwenyewe, akamwomba kaka amwombee. Aliuawa nao tarehe 21 Aprili 1994. Mwanamke huyu umilele haukumfanya akae. Ulimwezesha kusimama mlangoni wakati waliokuwa hawana kingine zaidi ya maisha haya walikuwa wanawakabidhi majirani zao kwa wauaji.

Na hapa mjini, Kimihurura, kuna nyumba ya Cyprien na Daphrose Rugamba. Cyprien alikuwa mshairi na mtunzi wa nyimbo, mtu aliyewahi kuiacha imani kwa miaka mingi na kumuumiza sana mkewe, mpaka aliporejea mwaka 1982. Ndoa ikapona. Wakaanza kuwalisha watoto wa mitaani, wakaleta Jumuiya ya Emmanuel nchini mwaka 1990. Usiku wa kuamkia 7 Aprili 1994, risasi zikisikika mjini, walikesha wakisali mbele ya Sakramenti nyumbani mwao. Asubuhi wakauawa, pamoja na watoto wao sita. Mkesha ule mimi nauhesabu kuwa ni wa miaka kumi na miwili.

Wapendwa, mniruhusu nirudi siku zetu, maana najua kuna atakayesema hayo ni ya vita na yamepita. Tarehe 27 Septemba 2024 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 66, na 15 walifariki, na walio wengi walikuwa wahudumu wa afya wa hospitali za hapahapa Kigali, wale vijana tunaokaa nao benchi moja. Mnakumbuka masharti: kutembelea wagonjwa kulisimamishwa kwa siku kumi na nne, mazishi ya aliyekufa kwa ugonjwa huo yasizidi watu 50, jeneza lisifunguliwe. Kwa majuma hayo mlango wa wodi ulifungwa, ninyi mko nje na mafuta yenu ya upako, sisi tuko nje na nyimbo zetu. Aliyekuwa ndani alibaki na kile alichoingia nacho. Muuguzi mmoja wa usharika wetu aliniambia kwamba zile siku alikuwa akivaa vazi la kujikinga, akifunga zipu, alikuwa anajiuliza kila asubuhi jambo moja tu: kama kuna mtu anayepaswa kumpigia simu kabla ya kuingia. Siku ya tano alimpigia dada yake waliyekuwa wamegombania shamba. Yeye alitoka salama. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, nasi tukafanya ibada ya shukrani iliyojaa shangwe. Nilingoja mtu aulize tulijifunza nini kwa wale waliokufa peke yao. Tukapita moja kwa moja kwenye jina la mwaka mpya.

Mmekaguliwa sana miaka hii. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali, na mwaka 2024 maelfu nchi nzima: paa, vyoo, kelele, maegesho, kinga ya radi, shahada ya theolojia kwa mchungaji. Sina neno na ukaguzi huo. Tarehe 10 Machi 2018 radi iliua watu 16 katika kanisa la Waadventista kule Nyaruguru, Sabato, wakiwa ibadani. Basi anayedai waya wa kinga ya radi juu ya paa anadai jambo la uhai. Ila mimi ni mtu wa hesabu, najua mkaguzi wa nje huangalia vitabu vilivyopo. Hawezi kuona kile ambacho hakikuandikwa. Kama watu wenu wako tayari kuugua, kufiwa, kukataa uovu wakiamriwa, na kusimama mbele za Mungu, hilo hakuna ofisi itakayokuja kuliangalia. Limewekwa mikononi mwenu.

Ninayoomba si makubwa. Mafundisho ya ubatizo na ya kipaimara yawe na somo la kifo, lifundishwe vijana wakiwa na afya, kwa sauti ya kawaida, bila kuwatisha kwa moto. Watajiwe wanafunzi wa Nyange kwa majina yao kama wanavyotajiwa mitume. Mkiingia wodini, kabla ya kukemea lolote, muulizeni mgonjwa anataka kusema nini, kisha mnyamaze. Tangazeni madhabahuni, wazi, kwamba kuandika wosia si kukosa imani. Nimeona familia tatu za usharika mmoja zikiburutana mahakamani kwa kiwanja ambacho mwenyewe angeweza kukigawa kwa karatasi moja. Na turudishieni zile Alhamisi za mwembe. Tunazo jumuiya ndogondogo, tunazo seli, tunakutana. Tunaimba, tunachanga, tunapanga sare za harusi. Kuambiana makosa yetu na kulipana madeni tumewaachia wazee wachache ambao nao wanaisha.

Jingine linanitia hofu kuliandika, na naliandika kwa upendo. Nani anayewasikiliza ninyi? Tunawaona mkiombea watu mia kwa siku, mkizika Jumanne na kufungisha ndoa Jumamosi. Mchungaji asiye na mtu wa kumwambia dhambi yake na hofu yake ya kufa atawezaje kukaa kimya kando ya mtu anayekufa? Labda ndiyo sababu tunapiga kelele sana wodini. Nasema "tunapiga" kwa sababu nami nilipiga.

Lile swali la yule dada nimetembea nalo mwaka mzima. Nilisoma tena Injili zote nne nikitafuta mtu akipokelewa. Nilimkuta yule mhalifu msalabani, aliyepokelewa siku ileile bila hata kuwa na muda wa kubatizwa. Nilimkuta baba mzee akikimbia barabarani kumlaki mwana aliyenuka nguruwe. Lakini lililonikaa ni lile la mwisho wa Yohana: alfajiri, kando ya ziwa, Bwana aliyefufuka amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita waje wafungue kinywa. Na wanaokuja ni walewale waliomkimbia, akiwamo aliyemkana mbele ya moto mwingine wa makaa. Hawaulizwi kwanza walikuwa wapi. Wanakula kwanza. Baadaye ndipo Petro anaulizwa swali lake, mara tatu, mpaka jeraha linafunguka na kupona. Hivyo ndivyo ningemwambia anavyopokelewa mtu. Ningelikuwa nalo jibu hilo usiku ule, ningemwambia pia kwamba binti tutamwita asubuhi.

Siku hizi kila Alhamisi baada ya kazi nakwenda wodini, si kwa niaba ya usharika, kwa niaba yangu tu. Leo nimekaa na mzee mmoja, mtu wa Gikondo, fundi viatu. Mapafu yamechoka, anaongea kwa vipande. Ameniomba nitoe daftari langu la sadaka kwenye mkoba, niandike kwamba anadaiwa faranga 4,000 na jirani yake muuza mkaa, tangu kabla ya Pasaka, na fedha ziko ndani ya kopo la rangi ya viatu nyumbani. Nimeandika, ameangalia tarakimu kwa muda mrefu, ameitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Kesho alfajiri nitapitia Gikondo kabla ya kazi nizifikishe.

Ameomba mchungaji pia. Hakutaja dhehebu. Saa ya kutembelea ni sita hadi saba mchana, na kitanda chake ni cha pili kutoka dirishani. Atakayekuja aniletee ujumbe pale usharikani, nitamwongoza.

Dada yenu katika Kristo,
mweka hazina, Nyamirambo, Kigali